Arobaini ya Sungura wa Sihaba

Sihaba binti Nassibu alikuwa hajawahi kumaliza arobaini yoyote katika maisha yake, na kijiji kizima cha Mahege kililijua hilo.

Alipovunja ungo akawekwa ndani, siku ya kumi na tatu kungwi wake alirudi kutoka kisimani akakuta mkeka mtupu. Mwali alikuwa ameshafika Nyamisati, amesimama kwenye matope, anatazama watu wakipakia boriti za mikoko. Alipojifungua Saidy, mwanawe wa kwanza, siku ya ishirini na moja walimkuta kwenye mpunga, mtoto mgongoni, anapalilia. Mama yake alijifunika kanga usoni kwa aibu. Wifi yake Mwanaidi, dada wa mumewe, ndiye aliyemwita Kiguu na Njia, na jina likamganda kuliko lile alilopewa na baba yake.

Mvivu hakuwa. Misimu miwili alikwenda Salale kununua kamba na kuwauza wabichi. Akafinyanga majiko ya udongo akayapeleka Ikwiriri. Akanunua cherehani, akajifunza kukata mashati ya shule, halafu asubuhi moja akaamka akaiona ile cherehani inamkodolea macho kama mdai, akaiuza siku hiyo hiyo. Kila kazi aliianza kwa pupa na kuiacha ikiwa bado ya moto. Kazi moja tu iliyodumu mikononi mwake ni kusuka ukili wa mikeka, kwa sababu ukili husukwa hata mtu akiwa anatembea.

Kisha wakaja sungura.

Waliletwa na mwalimu Yasmin, aliyefundisha shule ya msingi kabla ya kuhamishiwa mbali. Siku ya kuondoka aliacha matundu matatu kwenye uwanja wa Sihaba na daftari la jalada la bluu. Ndani ya daftari alikuwa amechora sungura wadogo wa aina tatu, kila mmoja na maneno chini yake. Kibete wa Uholanzi: kichwa cha duara kama ndimu, masikio hayazidi kidole gumba. Poland: mwili mfupi uliojikusanya, mgongo wa duara, masikio yamesimama yanagusana. Himalaya: mwili mrefu mwembamba, hulala amejinyoosha, mweupe, lakini pua, masikio, miguu na mkia ni vyeusi.

"Watu watakwambia sungura ni sungura," mwalimu alimwambia. "Usikubali."

Sihaba hakukubali. Aliishia darasa la tano na husoma polepole, kidole kikifuata mstari, lakini vidole vyake vilikuwa na elimu nyingine. Mtu aliyesuka ukili miaka thelathini hujua kwa kugusa kama uzi mmoja umezidi unene wa mwenzake. Alipopitisha mkono mgongoni kwa sungura alisikia tofauti papo hapo: Poland ni kifuu cha nazi kilichofunikwa, Himalaya ni mchi uliolazwa. Kwa mara ya kwanza kitu kimoja kilimshika miaka sita mfululizo. Mumewe Badru alikuwa akiwaambia wenzake msikitini, "Mke wangu amefungwa kamba na sungura. Sijui niwashukuru vipi."

Mwaka wa mafuriko makubwa, maji yaliingia usiku wakapoteza matundu mawili. Himalaya wote waliokuwa na pua nyeusi walikufa, wakabaki vitoto vyao vinne, hata macho havijafumbua. Sihaba alivikumbatia, akapanda navyo, pamoja na jike wa Poland aliyekuwa ananyonyesha, kwenye dungu, ile nyumba ya miguu mirefu wanayokaa shambani kulinda mpunga. Mle dunguni aliviweka mahali ambapo watu wa bondeni huweka kitu wasichotaka kukipoteza: juu ya uchaga, uchanja wa miti ulio juu ya moto wa kupikia, pale inapofukizwa mbegu ya mwaka ujao. Maji hayafiki. Chatu hafiki. Mbu wanakimbia moshi.

Vitoto vilikua, vikanenepa, vikazaana. Lakini vilikua vyeupe pe, kuanzia pua hadi mkia. Sihaba alisubiri weusi utokee, haukutokea, akasema mbegu ya Himalaya imekwisha; hawa baba yao lazima alikuwa Poland, na damu yake imewazidi. Tangu hapo hata nyumbani Mahege alijenga uchaga juu ya jiko akawaweka sungura huko mwaka mzima. Wanawake sita wa kikundi chao walipotaka kufuga, aliwagawia vitoto, akawaandikia Poland, na kila mmoja akamfundisha kujenga uchaga.

Ni Mwanaidi tu, wa saba, aliyekataa. Yeye anakaa Kibiti mjini, na alipochukua kitoto chake alisema, "Wifi, mimi sungura wangu si samaki, simkaushi kwa moshi." Akamweka chini, nyuma ya nyumba, kwenye kivuli karibu na pipa la maji.

Mwezi wa sita ikatangazwa kwamba kikundi kimoja cha Kibiti kitapewa nafasi ya kupeleka sungura wadogo kwenye maonyesho ya Nane Nane, Morogoro. Mtaalamu wa mifugo angekuja kuchagua. Kwa Sihaba habari ile ilikuwa kama upupu. Hakulala, hakula akiwa amekaa. Alikuwa akiwashusha sungura uchagani, akiwapapasa, akiwarudisha, akiwashusha tena. Maana sasa watu wangeona kwa macho yao kwamba Kiguu na Njia amedumu na kitu, na kitu hicho kimekubali.

Jambo moja lilimsumbua. Jike wake mzuri kuliko wote, aliyemwita Mwanamtama, alikuwa na mgongo mrefu. Ukimweka chini hakujikusanya, alijinyoosha. Kila vidole vilipomwambia neno hilo, Sihaba aliiondoa mikono yake akaenda kuchota maji.

*

Siku ya kuchaguliwa, watu walikusanyika kwenye ukumbi mmoja pale Kibiti. Mtaalamu alikuwa kijana mwenye miwani, jina lake Abdulrazaq, mpole wa maneno. Aliweka sungura mmoja mmoja juu ya meza iliyotandikwa gunia, akapima masikio kwa rula, akatazama meno na kucha. Alipofika kwa Mwanamtama alimtazama sana.

"Weupe safi. Macho mekundu. Masikio sawa," alisema. "Kichwa kizuri. Mwili una urefu kidogo kwa Poland, lakini katika hawa wote niliowaona leo, huyu ndiye. Mama, jina lako naliandika."

Wanawake wa kikundi walipiga vigelegele. Zuena, katibu wao, alimrukia Sihaba akamkumbatia. Sihaba alicheka, lakini miguu yake haikutulia; alianza kuzunguka ukumbi kama mtu aliyepoteza ufunguo. Ndipo alipomwona Mwanaidi amekaa kwenye kona, na tenga lake limefunikwa kanga.

"Wifi, mbona wako hujamtoa?"

"Ah, mgonjwa," Mwanaidi alisema, akivuta kanga. "Kaungua pua. Sitaki kuja kuchekwa hapa."

"Kaungua na nini, na wewe humweki motoni?"

"Ndiyo maajabu. Niache, wifi."

Sihaba hakumwacha. Alifunua kanga. Sungura alikuwa amejinyoosha ndani ya tenga, mweupe, na pua yake nyeusi kama aliyenusa masizi ya chungu, masikio meusi, miguu minne kama iliyovalishwa soksi. Alikuwa ndugu wa Mwanamtama, tumbo moja, siku moja.

Mkono wa Sihaba ukapita mgongoni peke yake. Mchi uliolazwa. Ule ule mgongo ambao kwa miezi alikuwa akiukimbia kwenda kisimani.

Aliona yote kwa pamoja, yakamjia kama maji ya mafuriko mlangoni: moto, uchaga, joto la usiku na mchana, na huyu mmoja tu aliyelala chini penye ubaridi. Mbegu haikuwa imekwisha. Yeye ndiye aliyeibabua rangi, mwaka hadi mwaka, kwa kuipenda. Na nyumba sita zilikuwa zinaibabua vilevile kwa mafunzo yake, na zinawachanganya na Poland halisi kwa mwandiko wake.

Angeweza kufunika tenga. Mwanaidi mwenyewe alikuwa akitaka lifunikwe. Jina lilikuwa limeshaandikwa.

"Mtaalamu!" aliita, na sauti ilikuwa kali kuliko alivyotaka. "Mwanangu, futa. Yule wangu si Poland."

Alilibeba tenga mbele, akamtoa yule mwenye pua nyeusi akamweka mezani kando ya Mwanamtama. Sungura wote wawili wakajinyoosha sambamba, kidevu juu ya gunia. Sihaba akaeleza juu ya uchaga, maneno yakigongana mdomoni.

Abdulrazaq alivua miwani akaifuta. "Mama, ninachojua ni kwamba Himalaya huzaliwa mweupe, na weusi wake huja kwa ubaridi, na joto huufifisha. Ulilosema linawezekana. Lakini mimi siwezi kuandika kwa maneno. Huyu hana hata doa. Kesho Morogoro wataniuliza, nitawajibu nini? Kwamba mama mmoja aliota?"

"Sikuota. Nimemgusa."

"Kugusa nakuamini. Waamuzi hawatakuamini." Akafikiri. Akatoa mkasi mdogo, akanyoa manyoya kwenye ncha za masikio ya Mwanamtama, kipara cha ukubwa wa kucha kila upande. "Mweke chini, penye ubaridi. Nywele zikiota upya, zitasema zenyewe. Orodha yangu inafungwa mwisho wa mwezi wa saba. Nitapita kwako kabla ya hapo. Zikiota nyeusi, unakwenda Morogoro na Himalaya wako. Zikiota nyeupe, nafasi nampa mtu mwingine, tusilaumiane."

"Siku ngapi?" Zuena aliuliza.

Abdulrazaq alihesabu kwa vidole. "Leo mpaka siku hiyo... arobaini."

Mwanaidi ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika nguzo. "Arobaini! Jamani, arobaini anapewa Sihaba! Mtaalamu, ungempa mlima auhamishe, ungekuwa umemwonea huruma."

Nje, Zuena hakucheka. Alimvuta Sihaba pembeni. "Dada, ulikuwa umeshapita. Ulikuwa umeshapita! Sasa tukikosa, hawa wanawake nitawaambia nini? Kwamba nafasi tulikuwa nayo mkononi na wewe ukaitema?"

Sihaba alipanda pikipiki na tenga mapajani, akarudi Mahege.

*

Alimjengea Mwanamtama tundu chini, upande wa kusini wa nyumba, jua lisikofika. Akatandaza mchanga akaumwagia maji. Pembeni akaweka mtungi. Kipupwe kilikuwa kimeingia, upepo wa kusi unavuma kila asubuhi, na hilo lilikuwa rehema. Badru alisimama akatazama, mikono nyuma.

"Mama Saidy, umemweka ndani kama mzazi."

"Ndiyo."

"Na wewe je?"

"Na mimi nimo."

Siku kumi za mwanzo alikwenda kwenye lile tundu labda mara thelathini kwa siku. Vipara vya masikio vilikuwa vya waridi, vitupu. Alikaa, akainuka, akafagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Jirani yao Hadija, mmoja wa wale sita, alipita na mzigo wa kuni akauliza, "Kaota?" Akapita tena jioni akauliza, "Kaota?" Kesho yake Sihaba alianza kumkwepa.

Siku ya kumi na tatu miguu ilimwasha kweli. Kulikuwa na gari linalokwenda Nyamisati, na ndugu yake Tamimu alikuwa amempigia simu kwamba kuna kamba wengi, aje, atauza. Alishafunga kanga kiunoni. Alishafika barabarani. Akaliona gari linakuja, akakumbuka mkeka mtupu na kungwi mwenye ndoo kichwani, akaachia gari likapita na vumbi lake. Alirudi nyumbani kwa hasira, kama mtu aliyeibiwa.

Ndipo alipochukua ukindu, majani ya kusukia mikeka. Ikiwa mikono haiwezi kutulia, aliwaza, basi ifanye kazi hapa hapa. Alisuka ukili kuanzia alfajiri, akizunguka nyumba huku anasuka, pima hadi pima, na kila mzunguko ukimpitisha mbele ya tundu. Wanawake walisema amechanganyikiwa. Ukindu mweupe ulipokwisha, akachemsha mwingine kwenye sufuria ya rangi, mwekundu, wa zambarau, kisha mweusi.

Siku ya ishirini na moja, ile aliyokutwa kwenye mpunga miaka ile, vinyweleo viliota. Vilikuwa vifupi mno kusema rangi. Aliviangalia mpaka macho yakatoa machozi. Mara vilionekana kijivu, mara vyeupe, kutegemea wingu.

Mwanaidi alikuja siku ya thelathini, na mkungu wa ndizi. Alichutama mbele ya tundu, akainamisha kichwa huku na huku.

"Mimi naona nyeupe."

"Bado fupi."

"Wifi." Mwanaidi alishusha sauti, na safari hii haikuwa na mzaha. "Rangi unayo kwenye sufuria pale. Kidogo tu, kama wanja. Nani atajua? Wewe mwenyewe unasema damu ni ya Himalaya. Basi utakuwa unaikumbusha tu."

Sihaba aliitazama sufuria. Alimtazama wifi yake. Uso wa Mwanaidi ulikuwa umekunjamana kwa huruma, jambo ambalo Sihaba hakulizoea.

"Nikiipaka, nitakuwa sijui," alisema. "Watu watajua, Morogoro itajua, mimi nitakuwa sijui. Halafu zile nyumba sita nitakwenda kuziambia nini?"

"Haya. Mbishi wewe. Kula ndizi basi, umekonda kama sungura wako."

Siku ya thelathini na nne aliamka kabla ya adhana. Kiza kilikuwa bado kizito chini ya paa, upepo baridi. Alitia mkono ndani ya tundu akamshika Mwanamtama masikioni, akapapasa vile vipara: nywele zimejaa, laini, zimelingana na nyingine. Alisubiri mwanga. Mwanga ulipokuja, ncha za masikio zilikuwa nyeusi.

Alifungua mdomo amwite Badru. Kisha akaona vidole vyake.

Vilikuwa vyeusi. Jana yake alikuwa amekamua ukindu kutoka kwenye sufuria, akalala amechoka bila kuisugua mikono. Na sasa, kwa mikono hiyo hiyo, alikuwa ameyashika masikio.

Aliketi chini pale pale kwenye mchanga ulioloa. Angeweza kuleta maji akayasugua masikio ajue. Alishainuka kuyafuata, akasimama. Akisugua, na mtaalamu akija akakuta manyoya yamevurugika na masikio yanang'aa kwa kusuguliwa, na vidole hivi ambavyo rangi yake haitoki wiki nzima, nani atamsikiliza? Na asiposugua, atakaa siku sita bila kujua kama aliyoyaona ni ya Mungu au ni ya sufuria. Alimwambia Badru. Badru alitazama masikio, akatazama vidole, akatikisa kichwa.

"Usimguse tena," alisema. "Mimi nitamlisha."

Zilikuwa siku sita ndefu kuliko miaka yake yote arobaini na tisa. Hakusuka. Hakuzunguka nyumba. Alikaa kwenye kigoda mbele ya tundu, mikono ameikalia, akiwatazama kuku, akimtazama sungura, akiwatazama kuku tena. Ndani ya kifua chake kulikuwa na mtu anayekimbia.

*

Abdulrazaq alifika siku ya arobaini saa nne asubuhi, kwa pikipiki. Zuena alikuwepo na wanawake wa kikundi, na Mwanaidi alikuja na sungura wake kwenye tenga, safari hii hakumfunika.

"Mama, umemaliza arobaini," Abdulrazaq alisema akitabasamu. Kisha akaona masikio, akafurahi. Kisha akaona mikono ya Sihaba, na furaha ikashuka.

"Hiyo ni nini?"

"Rangi ya ukindu," Sihaba alisema. "Na nilimshika. Siku ya thelathini na nne, gizani, kabla sijanawa. Sijui nyeusi ile ni ya nani. Pima."

Mnong'ono ukapita. Zuena akajishika kichwa. Abdulrazaq alitoa kitambaa cheupe mfukoni, akakilowesha kwenye mtungi, akakamata sikio la kulia, akafuta kuanzia chini kwenda juu. Akakifunua.

Kulikuwa na doa jeusi.

"Lahaula," Mwanaidi alisema taratibu.

Sihaba hakuinuka. Alijisikia kuinuka, alijisikia barabara nzima hadi Nyamisati ikimwita, lakini alibaki kwenye kigoda. "Futa tena," alisema.

Abdulrazaq akageuza kitambaa upande mkavu, akaulowesha, akafuta tena, kwa nguvu zaidi. Doa hafifu, rangi ya chai. Akageuza mara ya tatu. Akafuta mpaka sungura akarusha miguu. Kitambaa kilitoka kimeloa tu, cheupe kama kilivyoingia. Na sikio lilikuwa bado jeusi. Nyeusi ya kijivujivu, si ile ya sufuria, ikianzia kwenye shina la kila unywele. Alimgeuza Mwanamtama uso kwenye mwanga. Juu ya pua, mahali ambapo hakuna aliyepagusa, kivuli kilikuwa kimeanza, kama vumbi la mkaa.

"Himalaya," Abdulrazaq alisema. Akachukua kalamu.

Vigelegele vilipanda. Mwanaidi alivua kanga yake ya juu akampepea nayo Sihaba, akiimba ovyo, "Kiguu kimepata nyumba, njia imebaki mjane!" na wanawake wakapokea kwa makofi. Zuena alikuwa analia na kucheka. Badru alisimama mlangoni na kikombe cha chai alichosahau kukinywa.

Sihaba alimwomba Abdulrazaq karatasi moja kutoka kwenye daftari lake, akaandika polepole majina ya wale sita aliowagawia vitoto: Hadija, Sabra, Zuena, na wengine watatu.

"Ya nini, mama?"

"Siku kumi zimebaki mpaka Nane Nane. Hawa wote wamewaweka juu ya moto, kwa mkono wangu. Wengine ni Poland kweli, wengine si Poland, na kwa macho huwajui." Alikuwa ameshasimama, ameshafunga kanga. "Wifi, chukua tenga. Tunaanza kwa Hadija."

"Sasa hivi? Hata chai hatujanywa!"

"Utanikuta njiani."

Mwanaidi alimfuata akilalamika hadi kwa Hadija. Mle jikoni, moshi ukiwauma macho, walishusha tundu kutoka kwenye uchaga. Sungura weupe watano, wamefanana kama punje za mpunga. Sihaba alifumba macho, akanyoosha mikono yake myeusi, akampata wa kwanza.

"Kifuu," alisema. "Huyu abaki."

Mkono ukahamia kwa wa pili, ukapita mgongoni, ukaendelea kupita.

"Huyu mteremshe chini."